Mnyapara Aliyezima Mashine Zisizoumwa

Walisema hataweza. Walimwambia usoni, tena wakicheka, kwamba hakuna mwenye mashine, awe wa Mbeya awe wa Iringa, atakayekubali kuzima mashine inayofanya kazi vizuri ili mtu aifungue, aitazame, kisha aifunge tena. "Ikinguruma iache ingurume," walimwambia. "Ukianza kuichokonoa unaiitia ugonjwa." Walipoona habadiliki wakaongeza la pili: kwamba mtu wa namna hiyo hatapata karakana yake mwenyewe maishani, maana karakana huishi kwa mashine zilizokufa, na yeye anataka kushughulika na zilizo hai.

Namwita Mnyapara kwa sababu hicho ndicho cheo alichokuwa nacho nilipomkuta Mbeya, katika karakana iliyokuwa ikitengeneza malori na injini za kusagia. Mimi nilikuwa kijana wa kupaka griisi, niliyeshuka kutoka milima ya Uporoto bila viatu. Nalisema hilo bila aibu, kwa kuwa najua nilikofika. Nilifanya kazi migodini Rhodesia, nikajilipia masomo mwenyewe, nikavuka bahari, nikarudi na diploma ya mitambo ambayo hakuna mwingine kilimani kwetu aliyewahi kuishika. Leo nikikaa sebuleni kwangu Kihesa, hapa Iringa, chini ya bati langu, naweza kuwahesabu watu walionifundisha kazi. Wengi wao walikuwa na vyeti ukutani. Mnyapara hakuwa nacho, wala hakukitamani, na alijisifu kuliko wote.

Watu wa siku hizi wakisikia habari za fundi wa zamani hudhani ni mtu mpole aliyejaa mafuta mpaka viwiko. Mnyapara alikuwa na maringo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya ukingo mpana, na aliingia chini ya lori akiwa na shati hilohilo. Akitoka chini na doa alichukia siku nzima. "Fundi mchafu ni fundi asiyejua mafuta yanatokea wapi," alisema. Akisifiwa hakuinamisha kichwa. Alisubiri aone kama sifa zimekwisha au kuna nyingine zinakuja.

Hakula wali. Alizunguka na mashine za kukoboa mpunga miaka yote ile, na kila alipoandaliwa wali alisukuma sahani na kuomba viazi. Alipenda magari lakini aliogopa mteremko. Basi likianza kushuka kuelekea Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, alifumba macho na kusikiliza breki, akamlaumu dereva kwa sauti mpaka chini. Na yeye aliyewahimiza watu wote wapumzishe mashine zao, hakukaa kitini akamaliza chai.

Mkewe alikuwa akimwambia mbele yetu, "Mashine za watu unazilaza, wewe mwenyewe hulali. Ungekuwa injini ungekwishaungua, baba."

"Mimi si injini, mama," alijibu akitafuta kofia yake. "Mimi ni mafuta."

Basi mke alitugeukia sisi wageni. "Mmesikia? Nimeolewa na mafuta!"

Siri ya kazi yake ilikuwa katika maneno. Katika barabara ile kuu, kutoka Mbeya hadi Iringa, kila mji ulikuwa na neno lake la kutunza mashine, na neno lililopendwa hapa lilichukiwa kule. Mbeya neno lilikuwa ovaholi, yaani kuishusha injini yote kipande kwa kipande. Lilikuja na watu waliotoka migodini Rhodesia na wale waliochimba dhahabu Chunya, na likapendeza mno. Mtu mwenye lori hakusikilizwa kilabuni mpaka aseme, "Gari langu limetoka ovaholi juzi." Wengine walilitia katika mambo yasiyohusu mashine kabisa. Nilimsikia bwana mmoja akisema nyumba yake inahitaji ovaholi, akimaanisha anataka kuoa tena.

Ukifika Iringa neno hilo lilitisha. Kule, kumwambia mtu injini yake inataka ovaholi ilikuwa sawa na kumwambia atafute mbao za jeneza. Iringa walipenda sevisi. Walilipata kwa watu wa mabasi na kwa wakulima wa tumbaku, na walilitamka kwa adabu, kama neno la kanisani. Na katikati, kwenye uwanda wa Usangu, hawakutaka sevisi wala ovaholi. Wale ni watu wa ng'ombe. Ukimwambia mtu wa Rujewa kwamba maksai waliolima wiki nzima wapumzishwe, anakuelewa kabla hujamaliza. Kwa hiyo Rujewa Mnyapara hakutengeneza mashine hata siku moja. Aliipumzisha.

"Ukishapita Chimala badili neno," alinifundisha. "Kazi ni ileile: fungua, safisha, paka, funga. Neno ni mpini tu. Kila mji umezoea mpini wake."

Nilimwona Iringa, kwa mkulima wa tumbaku aliyekuwa na injini ya kusukuma maji. Mnyapara alikuwa ameishusha yote, mpaka pistoni zimelala kwenye gunia. Mkulima akatokea, akashika kiuno.

"Fundi! Hii si ile ovaholi ninayoisikia?"

"Hapana, bwana. Ovaholi ni ya Mbeya. Hii ni sevisi."

"Una hakika?"

"Angalia mwenyewe. Umeona mtu analia hapa?"

Mkulima akacheka, akaagiza tuletewe chai. Tulipokuwa wawili nilimwuliza Mnyapara kama huo si uongo. Alinitazama kana kwamba nimemtia doa shatini.

"Uongo ni kumwambia nimeisafisha na sikuisafisha. Injini yake itazunguka mwaka mzima. Akitaka kuiita harusi, na aiite harusi."

Nalo la Mbeya, lile la ovaholi kuwa kitu cha fahari, yeye mwenyewe alichangia kulikuza. Wenye mashine walikuwa wagumu kukubali kuzima, ndipo akabuni turubai. Alikuwa na turubai kubwa la kijani, lenye vitundu vya shaba pembeni, alilolipata kwenye lori lililopinduka. Siku ya kufungua injini alilitandika nje, mbele ya watu, akapanga kila kipande kwa mfuatano wa kukitoa: ringi, beringi, valvu, nati na washa zake, vyote vimeoshwa kwa mafuta ya taa mpaka vinang'aa. Watu walisimama kutazama kama wanavyotazama vyombo vya bibi harusi vikipita. Akina mama walileta mahindi ya kuchemsha wakauza. Mwenye mashine alisimama kando ya turubai amevaa koti, akipokea pongezi. Jirani yake akarudi nyumbani na wivu, na wiki iliyofuata alikuja karakana kuuliza, "Na mimi unanitandikia lini?"

Hivyo ndivyo Mnyapara alivyowashinda waliosema hataweza. Mashine za Mbeya zilizimwa zikiwa nzima, kwa mashindano, na zikaacha kufa ovyo. Alijivuna nalo. Mimi ningejivuna pia.

Niliporudi kutoka ng'ambo nilimkuta ameacha unyapara, anazunguka peke yake kwa mabasi, nywele zimeanza kuwa nyeupe chini ya kofia. Nilikuwa nimepata kazi ya fundi mkuu katika kiwanda kimoja Iringa; ofisi, meza, na watu wa kuniamkia. Nilimkaribisha Kihesa nikamwonyesha diploma. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma kwa muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwamo.

"Wamekufundisha nini ambacho sikukufundisha?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba huko wana neno jipya, matengenezo ya kinga, na kwamba viwanda vikubwa huzima mashine isiyo na kasoro, kwa ratiba, wakaifungua na kuifunga.

"Wanazima nzima?"

"Nzima kabisa."

"Na hawachekwi?"

"Wanaandikiwa vitabu, Mnyapara."

Alivua kofia, akaiweka gotini. Nilidhani atajisifu. Badala yake alisema polepole, "Basi sikuwa kichaa." Akakaa mpaka chai ikapoa, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa. Kisha akasema, "Niazime hilo neno. Sitalitumia barabarani, halina mji bado. Nitaliandika kwenye mlango wa karakana yangu."

Kwa maana alikuwa amekaribia kuipata. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga wa Rujewa, mtu wa mashamba na ng'ombe wengi, alikuwa na banda Ipogolo, kando ya barabara, ambamo zamani aliweka mchele kusubiri malori. Banda lilikuwa tupu. Alimwahidi Mnyapara mbele ya watu: mashine yangu ikivuka msimu huu wa mavuno bila kufa njiani, banda ni lako.

Mnyapara hakuwa na vyombo vyake vya kazi. Nyakati zile Mwafrika akikutwa barabarani na sanduku la spana aliulizwa amelitoa karakana gani, na yeye aliwahi kulazwa mahabusu kwa sababu hiyo mpaka bosi wake alipokuja kumtetea. Tangu hapo alisafiri mikono mitupu, akatumia vyombo vya alikofikia. Lakini karakana haifunguliwi kwa mikono mitupu, kwa hiyo alipita kwa waliomwamini, akaazima. Seremala wa misheni alimpa jiliwa la kubania vyuma. Dereva wa lori la mbao alimpa jeki. Mhunzi mmoja Mbeya alimpa fuawe zito la kufulia vyuma, akalipakia mwenyewe juu ya basi. Mimi nilimpa seti ya spana nilizokuja nazo kutoka ng'ambo, nilizozipenda kuliko saa yangu. Waliocheka walikuwa wengi. Sisi tuliomwazima tulikuwa wachache, na tulijuana. Vyombo vilikaa kwa shemeji yake Ipogolo, na Mnyapara alipita kuvifuta kutu kila safari, kama mtu anayetembelea watoto shule.

Mpunga ulipokaribia kukauka mashambani nilichukua ruhusa kazini, nikaenda naye Rujewa kumwona akiipumzisha ile mashine. Nilitaka kuwapo siku anayoshinda. Tulifika tukiwa na matumaini. Mwenye mashine alitupokea vizuri, akauliza habari za nyumbani, za mifugo, za barabara. Kisha akauliza, "Turubai umekuja nalo?"

Mnyapara alikuwa amelitumia turubai kufunikia mizigo njiani. "Ninalo, baba. La nini?"

"Mwaka huu sitaki kupumzisha. Nataka ovaholi."

Mnyapara aliitazama mashine. "Mashine hii haihitaji kushushwa yote, baba. Inahitaji mafuta mapya na kusafishwa chujio, basi. Tena huu ni wakati wa upepo."

"Nilikuwa Mbeya mwezi uliopita," mwenye mashine akasema. "Nimeona mtu mwenye mashine ndogo kuliko yangu amesimama na koti mbele ya turubai, watu wamejaa. Nikauliza nani kamfanyia. Wakasema ni wewe." Akainuka. "Watu wa Mbeya unawafanyia ovaholi. Sisi wa uwandani unatupumzisha, kama punda. Kwa nini?"

"Si dharau, baba."

"Basi tandika."

Mnyapara alinitazama. Alikuwa amewatawala watu kwa maneno miaka yote ile, na kila neno alilijua linapoanzia na linapoishia. Hakujua kwamba maneno nayo hupanda basi. Akikataa, amemtukana mtu mbele ya watu wake, na banda limekwenda. Akikubali, anaitumbua injini nzima mahali ambapo upepo hubeba ardhi.

Alikubali. Tulifanya lililowezekana. Nilishauri tusitandike chini bali tuzungushe turubai kama ukuta, tufungue injini ndani yake, na tulifunga kwa kamba kwenye nguzo, tukamwagia maji udongo. Kazi ilikwenda vizuri mpaka wageni walipofika. Mwenye mashine alikuwa amechinja. Walikuja wazee, wakwe zake, wafanyabiashara wa mchele, wote wamevaa nguo za sherehe. Wakasimama nje ya turubai wakitazama kitambaa cha kijani.

"Ndiyo ovaholi hii?" mmoja akauliza. "Mbona kama choo?"

Wakacheka. Mwenye mashine hakucheka. Alikwenda kwenye nguzo, akafungua kamba kwa mkono wake, akalilaza turubai chini, akatuambia tupange. Tukapanga. Watu wakafurahi kwelikweli, wakainama kutazama, wakauliza majina ya vipande, na Mnyapara akawajibu, na kwa kitambo kidogo nikamwona amesahau hofu, maringo yamemrudia, kofia ameisogeza nyuma. Alikuwa mzuri sana kumtazama katika hali ile.

Ndipo ng'ombe wakapita kwenda majini. Walikuwa kundi kubwa, na wachungaji, walipoona watu wengi, waliwageuza kidogo ili nao waone. Hakuna aliyekosa adabu, hakuna aliyekimbia. Vumbi lilisimama, upepo ukaliegemeza juu yetu, likatua polepole kwenye kila kipande kilichopakwa mafuta. Wageni walijifunika midomo kwa nguo. Mnyapara alipiga magoti katikati ya turubai amenyoosha mikono yote miwili juu ya beringi, na shati lake jeupe likawa rangi ya uwanda.

Tuliosha. Tuliosha tena, na yeye aliosha peke yake baada yangu. Mashine ilipowashwa ilinguruma vizuri, watu wakapiga vigelegele. Mnyapara alisikiliza ameinamisha kichwa. Katikati ya mavuno, mpunga wa watu ukiwa umepangwa kwa magunia mpaka nje, ilikwama. Niliitwa kumsaidia kuifungua, na diploma yangu haikuniambia jambo ambalo yeye hakulijua: mchanga mwembamba kama unga ulikuwa umekula beringi mpaka kwenye mhimili. Wakulima walikwishapakia mpunga kwenye mikokoteni kuupeleka kwingine.

"Mbeya hazifi hivi," mwenye mashine akasema. Hakupaza sauti. Banda la Ipogolo alimpa mfanyabiashara wa mchele.

Niliwaka. Nilimwambia Mnyapara tulipokuwa tukisubiri basi, "Sema ukweli. Yeye ndiye aliyeteremsha turubai. Wamo watu walioona."

"Waliona," akasema.

"Basi?"

"Nani aliwafundisha watu kuja kutazama?"

Basi likaja, nikamtangulia kupanda.

Baada ya hapo waliosema hataweza walipata la kusema, nao hawakuwa wachoyo. Yeye hakuonekana tena barabarani. Mkewe aliniambia siku moja sokoni, "Sasa anakaa kitini, baba. Chai anaimaliza. Mimi nilitaka apumzike, lakini si namna hii."

Kisha akaja kwangu Kihesa, mchana, msimu wa baridi, na kikapu mkononi. Nilimwamkia kwa Kihehe, "Kamwene," akaitikia, akakataa kuingia ndani kwa sababu ya viatu vyake vilivyojaa vumbi. Tukakaa barazani. Kofia ilikuwa ileile. Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi.

"Nimeanzia Mbeya," akasema. "Fuawe limefika kwa mhunzi. Jiliwa limefika misheni, seremala akasali bila mimi kumwomba. Mwenye jeki nimemkuta Ipogolo leo asubuhi. Umebaki wewe."

Akatoa spana zangu kikapuni. Zilikuwa zimepakwa griisi kidogo, kila moja imefungwa peke yake katika kipande cha kitambaa cha kijani kilichokatwa kwa mkasi, pindo zake zimeshonwa ili zisifumuke. Nilikitambua kitambaa kabla sijaona kitundu cha shaba.

"Umelikata turubai!"

"Liliwatosha wote," akasema. "Fuawe ndilo lililokula sehemu kubwa."

Nilimwambia akae nazo. Nilimwambia ninaweza kununua nyingine, kwamba kiwandani kwangu kuna nafasi, kwamba neno langu kule linasikika. Nililisema vibaya, kama mtu mkubwa, na yeye alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Na lile neno lako la ng'ambo," akasema, "sikulitumia hata mara moja. Liko kama ulivyoniazima."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Kulikuwa na lori limesimama, injini inanguruma, dereva ananunua karanga. Mnyapara alisimama karibu na boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda. Dereva akaingiwa na wasiwasi.

"Vipi, mzee? Inaumwa?"

"Haiumwi hata kidogo," Mnyapara akasema. "Ndiyo maana ningekuambia uizime."

Dereva akacheka, akanitazama mimi ili nicheke naye, akapanda, akaondoka. Mnyapara alikunja kikapu chake kilichokuwa kitupu, akakiweka kwapani, akaanza kuteremka kwa miguu kuelekea Ipogolo. Hakudaiwa kitu na mtu yeyote.